Kabla ya Kukodi Kamera, Tununue Maiki

Klabu yetu ya filamu ina shilingi laki sita. Ni michango yetu ya miezi minane, pamoja na faida ya maandazi na karanga tulizouza siku ya michezo. Kwa watu wanaoishi kwa kusubiri bumu, laki sita siyo hela ndogo. Ijumaa ijayo tunakaa kikao cha pili kuamua itumike vipi kutengeneza filamu yetu fupi ya mwaka huu.

Kikao cha kwanza mnakijua. Hoja ilikuwa kukodi kamera kubwa na lenzi mbili kwa siku tatu. Mtoa hoja alipigiwa makofi. Mimi nikanyoosha mkono nikasema tununue maiki kwanza. Ukumbi ukacheka. Mwenzetu mmoja akasema, "Mwalimu, hapa tunatengeneza filamu, hatutangazi msiba." Nilicheka na mimi, maana utani ulikuwa mzuri. Ila nilipofika hosteli sikulala vizuri, na ndiyo sababu naandika makala hii kabla ya Ijumaa haijafika.

Nyumbani kwetu ni Mwaya, wilayani Kyela, ufukweni kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kwa wasiofika huko: ni nchi ya mpunga, kakao, migomba na michikichi. Mvua yake ukiielezea kwa mtu wa Dodoma anadhani unamtania. Mashariki unaiona Milima ya Livingstone ikisimama kama ukuta, na kusini ni ziwa tu mpaka macho yachoke. Likizo ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani na rafiki yangu mmoja wa hapa chuoni. Tulikuwa tumekodi kamera nzuri kweli kwa hela yetu wenyewe, tukitaka kumrekodi babu yangu.

Babu alikuwa fundi wa mitumbwi. Mtumbwi wa gogo moja, wa kuchongwa kwa shoka na tezo. Alikuwa amezeeka na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini alikubali kutuonyesha kazi. Tulimkalisha kando ya ziwa, juu ya mtumbwi wa zamani uliopinduliwa, ili ziwa lionekane nyuma yake. Akaongea karibu saa nzima kwa Kinyakyusa: jinsi ya kuuchagua mti, jinsi ya kuugonga na kusikiliza kabla hujaukata, unene wa kubakiza chini na ubavuni, na makosa ambayo vijana huyafanya mpaka chombo kikapasuka. Sisi tulikuwa tunahangaika na lenzi. Tulitaka uso wake uwe wazi na ziwa nyuma liwe na ule ukungu laini tunaoupenda wote. Tukaupata. Picha ile ukiiona leo utasema imetengenezwa na watu wazima.

Sauti tuliiachia maiki ndogo iliyojengwa ndani ya kamera. Kamera ilikuwa hatua tano kutoka kwa babu, na upepo wa kusini ulikuwa unapiga kutoka ziwani moja kwa moja. Hatukuvaa hedfoni kwa sababu hatukuwa nazo. Usiku, tulipofungua faili kwenye laptopu, tukasikia ngurumo. Ni kama mtu anaburuta mabati kwa saa nzima, na ndani yake, kwa mbali, maneno mawili matatu ya babu. Tukasema basi, likizo ijayo tutarudia.

Babu alifariki mwezi wa tatu, kabla ya likizo ijayo.

Faili bado ninalo. Kuna mahali, dakika ya 11 hivi, babu anainua tezo, anasema kitu, halafu anacheka, na rafiki yangu aliyekuwa nyuma ya kamera anacheka pia mpaka picha inatikisika. Nilimuuliza rafiki yangu babu alisema nini. Hakumbuki, Kinyakyusa chenyewe hakijui, alicheka tu kwa vile babu alicheka. Mimi nilikuwepo na lugha naijua, lakini wakati ule nilikuwa nimeshika kitambaa cha kuzuia jua lisiingie kwenye lenzi, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kitambaa.

Kwa hiyo ninaposema maiki, nasema kama mtu aliyekwisha kulipia somo hilo.

Turudi kwenye laki sita. Nitaenda kifaa kwa kifaa, kwa sababu naona kikaoni tuliongea kwa hamu zaidi kuliko kwa hesabu.

Kwanza sauti. Mtazamaji huvumilia picha mbaya, sauti mbaya haivumilii. Jipime mwenyewe: video ya harusi iliyopigwa kwa simu ya zamani unaitazama mpaka mwisho kama unasikia wanachosema. Video safi isiyosikika unaiacha ndani ya nusu dakika. Na siri ya sauti nzuri siyo bei ya maiki, ni umbali. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti ya msemaji inaongezeka kwa desibeli kama 6, huku kelele za pembeni zikibaki palepale. Kwa hiyo maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola, iliyochomekwa kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa msemaji, inaishinda maiki ya kamera ya milioni tatu iliyoko mita nne. Mnarekodi sauti kwenye simu moja na picha kwenye nyingine. Mwanzoni mtu anapiga makofi mara moja mbele ya kamera. Kwenye kuhariri mnaoanisha mlio wa kofi na viganja vinavyokutana, kazi imeisha.

Upepo nao una dawa. Maiki inavalishwa manyoya. Ya kwangu niliikatia sikio la mdoli wa mtumba, nikalishona kama soksi, na ziwa la Nyasa lenyewe limeliheshimu. Halafu hedfoni: lazima mtu mmoja azivae muda wote na asiwe na kazi nyingine. Mkimaliza tukio, wote mnanyamaza nusu dakika mkirekodi sauti ya mahali penyewe, ili baadaye mpate cha kuziba mapengo kati ya maneno.

Pili picha. Simu nyingi tulizonazo mifukoni zinarekodi HD kamili, na kwa filamu ya dakika kumi itakayoonyeshwa kwa projekta ya ukumbi wetu, hiyo inatosha. Kinachoharibu picha za simu ni tabia zetu. Tunashika kwa mkono badala ya stendi. Tunavuta picha kwa vidole badala ya kusogea kwa miguu. Tunaiacha simu ijiamulie mwanga yenyewe, basi mtu akipita na shati jeupe uso wa mhusika unakuwa mweusi. Programu kama Open Camera, ambayo ni ya bure kwa Android, hukuruhusu kufunga mwanga na fokasi, na simu ikikubali, hata kuchagua idadi ya fremu kwa sekunde. Chagueni fremu 25. Umeme wetu Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 25 na shata ya 1/50, taa za ndani hazitapepesa wala kuchora mistari kwenye picha. Ukifuata mipangilio ya Marekani ya fremu 30 na shata ya 1/60, mistari hiyo mnaweza kuikuta nyumbani wakati mhusika ameshaondoka.

Na mwanga wenyewe ni bure. Mwaya asubuhi jua linatokea juu ya milima, linakuja la upande na laini, halichomi. Saa sita mchana linachimba mashimo machoni pa watu. Kitambaa cheupe cha kanga ya zamani kikishikwa upande wa kivuli kinarudisha mwanga usoni. Hicho tu.

Tatu programu. Hapa ndipo wengi tunadanganyana. Mtu anasikia DaVinci Resolve ndiyo wanayotumia wakubwa, na kweli ina toleo la bure lisiloweka alama kwenye kazi yako. Lakini inataka RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha ndiyo itembee kwa raha. Laptopu zetu nyingi ni za GB 4 au 8, tulizonunua kwa ajili ya kuandika kazi za darasani. Niliiweka kwenye yangu, ikaganda hadi nikadhani imekufa. Nikahamia Kdenlive. Ni ya bure, ni halali, na ina njia ya kutengeneza nakala nyepesi za video: unahariri nakala, halafu mwishoni programu inarudi kwenye faili halisi na kutoa filamu kwa ubora kamili. Shotcut nayo ni ya bure na inafanya hivyohivyo. Kwa kusafisha sauti kuna Audacity, bure pia. Wanaohariri kwa simu waangalie alama: KineMaster ya bure inaweka jina lake kwenye video yako, na sijui mwalimu gani atakupa alama za filamu iliyogongwa muhuri wa mtu mwingine.

Zile programu za kulipia zilizovunjwa, zinazozunguka kwenye fleshi hosteli, mimi naziogopa. Siyo kwa ajili ya sheria tu. Mara nyingi ndani yake kuna virusi, na laptopu hiyohiyo ndiyo ina utafiti wako wa mwaka wa tatu.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao haukutajwa kikaoni. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu kila sekunde. Zinapunguza na kuongeza kimyakimya. Mkiunganisha na sauti ya simu ya pili, mwanzo mdomo na maneno vinakwenda pamoja, dakika ya nane mdomo umefunga na maneno yanaendelea. Mnadhani mmekosea kuoanisha. Dawa ni kuzipitisha faili kwenye programu ya HandBrake, ambayo nayo ni ya bure, na kuiambia itoe fremu zisizobadilika, kabla hamjaanza kuhariri.

Nne, hifadhi. Kwa makadirio ya simu nyingi, dakika moja ya HD kamili inakula kama MB 130. Dakika moja ya 4K inakula kama MB 350. Memori kadi ya GB 64 itawapa saa 7 hivi za HD, lakini za 4K hazifiki saa 3. Tukienda mahali ambapo umeme ukikatika unaweza kurudi kesho, hiyo tofauti siyo ya kinadharia. Na kila jioni faili zinakiliwa mahali pawili, kabla ya kula. Msiseme baada ya kula.

Kuna wenzangu watasema haya ni mambo ya umaskini, kwamba naitetea njia ya mkato. Wengi mmenitajia Tangerine ya Sean Baker, filamu ya Marekani ya mwaka 2015 iliyopigwa kwa iPhone 5s, kama ushahidi kwamba simu inatosha. Mimi naitaja kwa sababu nyingine. Picha zilichukuliwa kwa simu, ndiyo, lakini sauti haikuachiwa simu. Ilirekodiwa kwa vifaa vya kitaalamu vya sauti. Walipobana matumizi walibana kwenye kamera. Maiki hawakuigusa.

Na hapa kwetu historia ni ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1935, Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Mpaka ulipokwisha mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 za kufundishia, zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani hadi upande wa pili wa ziwa letu. Nao walibanwa na bajeti. Walichagua filamu ya milimita 16 badala ya ile pana ya majumba ya sinema, na sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri, mbali na picha. Unaona? Picha huku, sauti kule, kama simu zetu mbili. Mimi kama mwanafunzi wa elimu nina ugomvi mkubwa na mradi ule, kwa sababu waliopanga Mwafrika afundishwe nini walikuwa wakoloni. Lakini jambo moja linanigusa: miaka tisini iliyopita watu walishaona kwamba uchaguzi wa kifaa unaamua nani atasikika na nani ataonekana tu. Babu yangu kwenye faili langu anaonekana tu.

Sasa niwatendee haki wanaotaka kamera. Wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni usiku. Simu ikipewa taa ya kibatari au mwanga wa mbalamwezi inatoa picha ya chengachenga, na kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi ya kupokea mwanga mwingi itaishinda mbali sana. Kama hadithi tutakayoichagua ni ya wavuvi wa usiku wakiwa na taa zao ziwani, basi nitakuwa wa kwanza kusema tukodi. Ya pili ni ajira. Mwenzetu mmoja alisema kwa uchungu kwamba akimaliza chuo bila kuijua kamera, nani atampa kazi ya harusi au ya televisheni? Hilo siwezi kulicheka. Ajira za ualimu tunazijua zilivyo, na mimi mwenyewe ninaweza kujikuta napiga picha za send-ofu.

Jibu langu kwao ni kwamba siku tatu za kukodi hazimfundishi mtu kamera. Zinamfundisha yule mmoja atakayeishika. Wengine ishirini tutabeba mikoba yake na kuogopa isidondoke, kwa sababu amana ya kamera ni kubwa kuliko ada ya muhula. Baada ya siku tatu inarudi dukani na klabu haina kitu. Maiki, stendi na diski vinabaki. Mwaka wa kwanza anayeingia Oktoba mwenye simu ya kawaida atavikuta. Na tuseme ukweli, klabu yetu imeanza kuwa ya wenye simu za bei. Wale wa simu za kawaida wanakaa viti vya nyuma, wanapiga makofi. Stendi na maiki vya klabu ndivyo vitakavyowatoa huko.

Pendekezo langu ni hili, kwa bei nilizoziulizia mwenyewe madukani Mwanjelwa. Maiki mbili za waya, 50,000. Hedfoni za kufunika masikio, 40,000. Stendi imara yenye kishikio cha simu, 80,000. Diski ya nje ya TB 1, 170,000. Memori kadi mbili za GB 64, 50,000. Pawabenki, 50,000. Kitambaa, gundi na manyoya ya mdoli, 10,000. Jumla ni 450,000. Zinabaki 150,000, na hizo nataka ziwe za nauli, chakula, na kitu cha mkononi kwa watu tutakaowarekodi. Mzee hawezi kuacha shamba lake siku nzima kwa ajili ya filamu yetu halafu tukamwachia "asante babu" peke yake. Kibali nacho tukishughulikie mapema. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 ipo, na mwenyekiti wa kijiji naye apitiwe kabla hatujafungua stendi.

Na kama mtanikubalia, filamu yenyewe tukaifanye Mwaya. Bado wapo wazee wawili wanaojua kuchonga, marafiki wa babu. Mmoja nimeongea naye kwa simu wiki iliyopita. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanyamaza kidogo, halafu akasema mvua zikipungua tuje, ila tusimkalishe juani kama tulivyomkalisha mwenzake. Nikamjibu ndaga fijo. Kuongea kwake ni kwa Kinyakyusa, kwa hiyo tutahitaji maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Hakuna programu ninayoiamini kunisaidia kuandika Kinyakyusa nikisikilize. Nitakaa na hedfoni nitafsiri sentensi kwa sentensi mwenyewe. Kazi hiyo nimejitolea na sitadai posho.

Ila sitaweza kutafsiri upepo. Ijumaa saa kumi jioni, ukumbi uleule, njooni tupige kura.